Mchele Usio na Chuya

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Wahenga walipotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, walijua kwamba msala wa mpita njia huondoka na mwenyewe, nasi tukabaki kukaa kwenye vumbi. Theopista alifundishwa methali hiyo darasani, akaiandikia insha na kupata alama nzuri. Lakini kupata alama ni jambo moja na kusikia ni jingine.

Theopista alikuwa na mgahawa Makanyagio, mjini Mpanda, na sifa ya mgahawa huo ilikuwa wali. Mchele ulitoka kijiji cha Sibwesa, kwenye majaruba ya mama yake, Ng'washi. Mama huyo alifika Katavi akiwa bado mke kijana, akiswaga ng'ombe pamoja na wakwe zake kutoka Usukumani, na mbegu ya mpunga ameifunga kwenye pindo la kanga. Majirani wote walikuwa wamekwisha kuhamia mbegu mpya za muda mfupi. Yeye aliishikilia ileile. Wali wa mbegu hiyo ulipoanza kunukia mgahawani, Halfani, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, aliacha mkasi juu ya meza akavuka bila kuitwa.

Mchele huo ulikuwa na ila moja tu, nayo ni chuya: punje zilizoponyoka mashineni na maganda yake. Mashine ya kijijini ilikuwa kongwe. Kila asubuhi Theopista aliketi na ungo, akazichagua chuya moja moja na kuwatupia kuku, huku akinung'unika.

Mwaka juzi wanawake wafanyabiashara wa Mpanda walikwenda kutembelea masoko ya Dar es Salaam. Huko Theopista aliona mchele mweupe pepepe, umefungwa katika mifuko inayong'aa, hauna hata jiwe. Akarudi haambiliki wala hasemezeki. Mama yake alipoleta magunia mawili kama desturi, alimpokea mlangoni.

"Mayu, mama yangu, huu sichukui tena. Wateja wa siku hizi hawataki chuya."

"Hawataki wao au hutaki wewe?"

"Kwani mimi nifanyeje? Nyie wa shamba hamjaona mambo ya kule."

Ng'washi alirudi Sibwesa na magunia yake, na wiki ile ile akamwuzia mchuuzi wa lori mpunga wote uliokuwa ghalani. Hata kibuyu cha mbegu alikimimina guniani. Mbegu ambayo mwanangu haitaki, alisema, namtunzia nani? Hasira hasara, na hasara hii haikukawia.

Msimu uliofuata alipanda mbegu mpya kama majirani. Alivuna vizuri, akapika, akatia tonge moja kinywani na kuisukuma sahani. Tangu siku hiyo alikula kwa kulazimishwa. Theopista alipokwenda kumtazama alimkuta amekonda, amepakata kile kibuyu kitupu. Alikuwa akikifungua, akinusa, kisha akikifunga tena ili kisiishiwe harufu.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "nina hamu na wali wetu. Mbegu ile nilipewa na mama yangu siku tunaagana, na sikumwona tena. Nikifika kwake nitamwambia nimeiweka wapi?"

Maneno hayo yalimchoma Theopista kwelikweli. Naye alikuwa na hamu yake, ila aliona haya kuisema. Wali wake mweupe wa mchele wa mifuko ulikuwa ukiiva kimya, usinukie hata mlangoni. Halfani alikuwa amemwambia, "Dada Theo, wali wako wa sasa ni wa kupiga picha," na tangu hapo hakuvuka barabara.

Alizunguka Sibwesa nzima, akafika hadi Katumba, mbegu hakuna. Ndipo akakumbuka lori. Mpunga ule lazima uliishia Dar, na ingawa mchele hauoti, chuya huota. Akipata hata chuya ishirini, mama yake atakuwa na kitalu. Akapanda basi.

Safari hii hakutazama mifuko. Kwa siku tatu alizunguka soko hadi soko, akichota mchele kiganjani, akiusugua na kuunusa kama wafanyavyo wanunuzi wa kwao. Wauzaji walimcheka. Siku ya nne, kwenye kizimba cha kijana aitwaye Naseeb, alisugua, akanusa, akafumba macho. Aliona majaruba, akamwona mama yake ameinama majini akiimba.

"Huu mchele unatoka wapi?"

"Bara huko, mama."

"Bara wapi?"

"Bara tu. Ila ndio wa mwisho huo, aliyekuwa ananiletea hana tena."

"Una chuya?"

Naseeb aliona anatukanwa. "Chuya? Mama, huu umepita mashine ya kuchambua. Ukiipata moja, nirudishie mfuko wote!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Theopista aliomba muuzaji awe mwongo. Alibeba kilo kumi zilizobakia.

Sibwesa, mama na mwana waliketi na ungo kati yao. Kwa siku mbili waliupitia mchele ule punje kwa punje. Vidole vya Theopista vilizijua chuya kuliko kitu chochote, kwa kuwa ndizo alizozichukia miaka yote na kuwatupia kuku. Sasa aliziita moyoni kwa majina ya mapenzi. Ungo wa kwanza, hakuna. Wa mwisho, hakuna. Naseeb alikuwa mkweli.

"Basi pika," alisema Ng'washi.

Ukapikwa. Harufu ikatoka jikoni, ikajaa uani, jirani akauliza kuna sherehe gani. Ng'washi alikula sahani nzima, akamalizia na ukoko, machozi yakimtiririka bila kuyapangusa. Theopista naye alikula, na kila tonge lilimkumbusha kwamba sufuria ina mwisho.

Walipomaliza, mama alichota konzi moja ya mchele mbichi, akaimimina kibuyuni na kukifunga.

"Mayu, huo hauoti," Theopista alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nauweka ninuse."

Mvua za msimu zikaanza, majirani wakaingia majarubani, na kibuyu cha Ng'washi kikabaki kining'inia ukutani, kina harufu ya mbegu lakini hakina mbegu. Theopista alikitazama, akailaumu siku ile aliyosimama mlangoni mwa mgahawa wake. Sasa aliielewa ile insha yake ya darasani, naye angeweza kuiandika upya kwa mstari mmoja: usiache mbachao kwa msala upitao.