Mchikichi wa Bi Kindi na Miguu ya Tembo

Hapo zamani za kale (kaa vizuri wewe, acha kumfinya mwenzio!) wanyama walipokuwa na majiko na masufuria yao, Bi Kindi aliishi juu ya mchikichi mrefu. Mti ulisimama kwenye mteremko, na chini ya mteremko palikuwa na bwawa la matope.

Mti ule ulilea wengi. Kwera walisuka viota humo, popo walilala kwenye makuti, na watu wa kijijini walikuja kuomba chikichi za kukamua mawese. Kileleni, Bi Kindi alikuwa na watoto watatu, hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja, ametoka tu kuipua masufuria saba ya chikichi, akasikia: gudu! gudu! gudu!

"Bi Kindi!" Tembo alinguruma. "Ondoa hivyo vitoto vyako. Nauangusha mti huu, nile kiini chake kile laini cha kileleni."

Roho ikamruka mama wa watu. Ahamie wapi na watoto wasiojua hata kushika tawi? Akajitia kucheka.

"Karibu, mzee wangu! Ila utakila kikavu hivyo, bila mawese? Thubutu! Kitakukwama kooni, tukuzike kesho."

Tembo akashtuka. "Mawese yako wapi?"

"Chikichi si hizi, zimeshaiva, bado kukanyagwa tu. Mimi kwa vijiguu hivi nakanyaga kutwa, napata kijiko kimoja. Miguu kama yako ingemaliza mara moja. Lakini ah, wakubwa hawawezi kazi za jikoni."

"Nani kasema siwezi? Mwaga hapa!"

Bi Kindi akamwaga masufuria yote saba kuuzunguka mti. Tembo akaingia kazini: pwacha! pwacha! pwacha! Mafuta mekundu yakatapakaa. Kwera huko juu wameziba midomo kwa mbawa.

"Yametosha?"

"Bado huko nyuma, mzee wangu. Zunguka, zunguka! Haya, sasa rudi nyuma, uje mbio, uupige kwa kichwa."

Tembo akaja mbio. Weee! Alipokanyaga mafuta, telee! Kila mguu ukashika njia yake. Akaupita mti bila kuugusa, akaserereka mteremko wote, chubwi! Matope mpaka masikioni.

Akapanda tena kwa hasira. Telee! Chubwi! Akapanda mara ya tatu. Telee! Chubwi!

"Bi Kindi!" akalia kutoka bwawani. "Mti wako una dawa!"

"Dawa umeikanyaga mwenyewe, mzee wangu!"

Msitu mzima ukaangua kicheko. Tembo akaondoka kwa njia ya mbali, mkia katikati ya miguu, na mchikichi hakuusogelea tena. Bi Kindi akapanda kileleni, akawakumbatia wanawe watatu, akalia kwa furaha.

Hadithi yangu imefika, wajukuu: nguvu zisizo na akili humtumikia mwenye akili.