Mzinga wa Mzee Malunde

Sogeeni, nina jambo linalotaka mwamuzi. Mimi limenishinda, na sioni aibu kukiri.

Mzee Malunde wa Sikonge alikuwa mrina asali. Alipofariki aliacha mjane, Bi Kabula, watoto watatu wakubwa, na mzinga mmoja wa mbao juu ya mti wa myombo. Binti mkubwa, Wande, alijaliwa pua: akinusa asali anakuambia nyuki walitua kwenye ua gani. Mihayo alijaliwa miguu: safari ya siku mbili kwake ni matembezi. Nshoma, kitinda mimba, alijaliwa macho: hakuna kilichoandikwa wala kuchorwa kikampita.

"Mzinga wa baba yenu haugawanyiki," alisema Bi Kabula. "Atakayeutetea msitu kama yeye, huyo atauchukua."

Wande aliutaka mzinga ule hadi akawa anauombea kila alfajiri. Si kwa ajili ya asali. Mbao zake bado zilinukia mikono ya baba.

Mwaka huo ikaingia mjini asali ya chupa yenye karatasi ya kijani: "Asali ya Msitu Hai. Hakuna mti unaokufa, hakuna nyuki anayeungua." Bi Kabula, ambaye tangu msiba chakula kilikuwa hakimpiti kooni, alilamba kijiko akafumba macho.

"Kama Malunde amerudi," alisema.

Wande akaisifia mbele ya akina mama wa kanisani, nao wakainunua kwa makatoni. Lakini pua yake ilishamwambia: masizi, na mabawa yaliyoungua. Alinyamaza miezi mitatu, kwa sababu mama alikuwa anakula. Kila akisali, neno hilo la nyuki walioungua analiruka. Mwisho likamshinda, akalisema mezani.

"Mama, nisamehe. Nyuki hawa walichomwa moto. Nilijua tangu kijiko cha kwanza."

Mihayo alicheka. "Pua yako si ushahidi, dada. Juzi ulisema mchuzi umeharibika, kumbe ni soksi zangu."

Nshoma akaivuta chupa. "Maneno kila mtu anaandika. Hapa wanasema imethibitishwa. Na nani? Hakuna jina. Sasa tazameni picha yao wenyewe. Mzinga huu ni wa gome. Mti uliochunwa gome shina zima, unaishi?"

"Unakauka umesimama," Bi Kabula alinong'ona. "Baba yenu hakuwahi kuchuna hata mmoja."

Mihayo hakucheka tena. Alifunga viatu akaenda porini kutafuta inakorinwa asali ile, siku mbili kwenda, mbili kurudi. Aliweka mezani kipande cha gome na konzi ya nyuki waliokufa, weusi kama mkaa.

"Nimeona miyombo hadi nikachoka kutazama. Imesimama uchi, haina jani. Chini yake majivu."

Jumapili Wande akasimama kanisani, gome mkononi, akakiri yote.

"Sisi tulikuamini wewe, si chupa!" Mama Ngassa, mmoja wa walioinunua, alimpigia kelele.

Wande akaliweka gome mbele yao, akarudi kuketi. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa asali ile, na waliokuwa wakichuna magome wakaondoka porini.

Ikabaki habari ya mzinga.

"Bila miguu yangu," alisema Mihayo, "yote yangebaki maneno ya mezani."

"Bila macho yangu," alisema Nshoma, "usingejua unakwenda kutafuta nini."

"Na wewe, Wande?" mama aliuliza.

"Bila pua yangu tungekuwa tunailamba mpaka leo. Na bila ulimi wangu, huenda miti mingine ingekuwa hai." Alifuta macho. "Lakini nautaka, mama. Nautaka sana."

Bi Kabula akageukia upande wa msitu, kijiko kikavu mkononi. Mpaka leo hajaamua. Nyuki wanaingia na kutoka, na Wande bado anauombea mzinga, ila siku hizi haruki neno.

Haya, ninyi mliosikia: aliyenusa akanyamaza kisha akakiri, aliyesoma picha, au aliyekwenda kuona? Mzinga wa Malunde mngempa nani?