Mize na Zimwi Lisilo na Mzizi

Haya jamani, sogeeni, na mwenye masikio aitikie! Palikuwa na mwanamke, Mize, aliyejivunia ua wa michongoma uliopandwa na marehemu mama yake. Siku moja zimwi Mlangamia likautambalia ua ule. Halina mguu, halina jani, halina mzizi. Lina nyuzi za njano tu. Likajisokota matawini, likafyonza utomvu, likacheka.

Mize akalikata kwa panga. Kila kipande kikashika tawi, kikawa zimwi. Akakata tena, yakazidi. Mara ya tatu likamwambia, "Utaning'oaje, Mize? Sina mzizi!"

Mize akashusha panga. "Kumbe huna," akasema.

Akaufyeka ua wote wa mama yake mpaka usawa wa ardhi, huku machozi yakimtoka, akayachoma matawi na nyuzi zake. Majirani wakashika vichwa: "Mize kaingiwa na wazimu!"

Uzi mmoja ulioponyoka ukatambaa vumbini. "Mize, nipe tawi." Mize akachochea moto. "Nipe jani." Mize akafagia majivu. "Basi nipe kidole, dada yangu!"

"Simama mwenyewe," Mize akajibu. Kabla jua halijatua, uzi ukakauka.

Mvua iliponyesha, visiki vya mama vikachipua, maana mizizi ilikuwepo. Ua ukarudi mnene kuliko mwanzo. Majirani wakaja kuomba vipando. Mize akainua kidevu, akawauliza, "Kwani wazimu umeshanitoka?"

Ngano yangu inasimama hapo, tena kwa miguu yake yenyewe.