Wimbo wa Tano wa Tumpale

Sogeeni karibu. Mwenye kutafuna ameze kwanza, maana hadithi hii ikikukuta mdomo umejaa, utapaliwa. Anayebisha aende Uyole, kule Mbeya, akaulize. Akirudi aniombe radhi.

Palikuwa na bendi ya roki ikiitwa Mawe Moto. Watu watatu, vipaji vitatu. Gwakisa, mpiga gitaa, alikuwa na sikio: sindano ikianguka nyumba ya pili, anakwambia imetangulia ncha au tundu. Lusajo, mpiga ngoma, alikuwa na mikono: redio iliyokwisha kuzikwa na mafundi wote, yeye aliifufua kwa waya na mate. Na Bupe, mdogo wao, alikuwa na koo.

Zamani walikuwa na mwimbaji mwingine, Tumpale, dada yake Bupe. Ndiye aliyeimba kanda yao ya kwanza, nyimbo nne tu, iliyorekodiwa kwenye ghala la mahindi huku mvua ikipiga mabati. "Wa tano nautunga uwe wako, mdogo wangu," alimwambia Bupe. Homa ikamchukua kabla hajauimba.

Baada ya miaka sita wakatoa albamu. Zile nyimbo nne zikarudiwa studio ya mjini, safi kama sahani ya mgeni, na sasa mwimbaji ni Bupe. Ila mstari wa mwisho wa wimbo wa nne aliuruka, gitaa likapita peke yake. Fundi wa studio alipomuuliza, alijibu, "Huo si wangu."

Mashabiki wakagawanyika. "Kanda ile ina roho!" "Ina matone ya mvua, bwana, roho gani!"

Basi adhuhuri moja, ukungu umeziba mlango, watatu hao wakajifungia kwenye banda la Lusajo. Watapiga kanda na albamu kwa pamoja, wazilinganishe, ubishi uishe.

Kanda ilikuwa imekatika, tena palepale kwenye ule mstari wa mwisho. Lusajo akaunga utepe kwa wembe na gundi, kisha akaegesha kidole kwenye gurudumu la kanda apate kuupunguza mwendo. "Acheni kupumua," akasema, "mnanitikisa."

Gwakisa akafumba macho. "Ya zamani imetangulia. Kidogo tu, kama unywele. Irudishe... umepitiliza, kaka, hiyo si ngoma... Hapo! Usiguse!" Nyimbo mbili zikawa moja.

Ukafika mstari wa mwisho. Albamu, gitaa peke yake. Kanda, pale palipoungwa, mvua tu, sauti ya mtu haipo. Bupe akahisi koo linamwasha, kama kuna mtu anayemsukuma kwa ndani. Akafumbua mdomo, akauimba, mara ya kwanza maishani mwake.

Mvua ikakatika ndani ya kanda. Ikasikika pumzi ya mtu anayesogelea maikrofoni.

"Mmechelewa," akasema Tumpale.

Vinyweleo vikamsimama Bupe mpaka shingoni. "Dada?"

"Wa tano ninao. Nitauimba mara moja, na atakayeusikia ni mmoja, yule aliyenileta. Wengine watasikia mvua tu. Nani kanileta?"

"Mimi," akasema Lusajo. "Nikiinua kidole hiki, hupo."

"Kidole chako kingekuwa kinapapasa mpaka kesho!" Gwakisa akamrukia. "Nani alisema 'hapo'?"

"Mlango niliufungua mimi, nilipoimba," Bupe akasema, machozi yanamshuka. "Na wimbo niliahidiwa mimi."

"Ahadi si kazi, mdogo wangu," Lusajo akamjibu kwa upole. "Kauliza aliyemleta, hakuuliza aliyeahidiwa."

Bupe akatazama kanda. Utepe uliobaki kwenye gurudumu ulikuwa mwembamba kama ukucha, na unazidi kupungua.

"Nani kanileta?" Sauti ikauliza tena, safari hii kwa mbali.

Haya. Mimi nimewafikisha hapa, na hodari kama nilivyo, sina kidole cha kuuzuia utepe huo. Aliyeunga, aliyesikia au aliyeimba: je, wewe ungemtaja nani? Sema upesi, mabati yameanza kulia.