Mlango Mpya wa Chuo cha Watu Wazima

Palikuwa na liwali mmoja, jina lake Mahfudhi, mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Mjini kwake palikuwa na chuo cha watu wazima, ghala la zamani la nazi ambamo mahamali, wauza samaki na wapishi walijifunza kusoma kila alasiri wakitoka kazini. Chuo alikianzisha Sultani. Liwali hakuwahi kukanyaga humo. Alisema pananuka jasho.

Siku moja ikaja habari kwamba Sultani angefika baada ya siku kumi kukitazama chuo chake. Hapo Liwali akakipenda ghafla. Akamwita Bi Mize, fundi wa kupaka chokaa na kupamba nyumba, mwanamke asiye na mali ila ulimi. Naye Bi Mize alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho.

"Nataka ndani pabadilike pote," Liwali akasema. "Chumba kikubwa kiwe baraza yangu. Weka jukwaa, mazulia, na kiti changu mbele. Mlangoni uandike sifa zangu kwa herufi kubwa."

"Na wanafunzi watakaa wapi, Bwana Liwali?"

"Nyuma, kwenye banda la kuni."

"Mpaka Sultani aondoke?"

"Mpaka wafe. Hamali anataka kusoma nini? Gunia halina maandishi."

"Lina, Bwana. Huandikwa jina la mwenyewe. Tangu mahamali wajue kusoma, hakuna tena gunia la mtu linalopotelea ghalani kwako."

Liwali akakunja uso. "Siku kumi. Ukikosea, wewe nitakutia minyororo na chuo nitakitia kufuli. Lete orodha ya vifaa."

Bi Mize akafungua pindo la kanga, akampa karatasi. Liwali akaitazama kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kama kadhi.

"Chokaa umeandika nyingi mno," akasema. "Punguza."

Akamrudishia. Bi Mize alipoitupia jicho, akaona amempa karatasi siyo. Ilikuwa zoezi lake la chuoni, nalo lilisema: Mbuzi anakula majani.

"Nitapunguza, Bwana," akajibu kwa adabu, akaondoka.

Kazi ikaanza. Bi Mize akavunja ukuta wa katikati uliotia giza. Akapanua madirisha upande wa mashariki na magharibi, maana wengi wa wanafunzi walikuwa na macho ya uzee. Ukutani akachimba vishubaka vya kuwekea vibao vya kuandikia. Mbao za jukwaa la Liwali akazifanya mabenchi yenye egemeo, kwa ajili ya migongo iliyobeba mizigo tangu alfajiri. Mwisho akatia mlango mpya wenye pete ya shaba.

Mzee Faki, hamali aliyekuwa akimsaidia, akauliza, "Mazulia mbona yamekunjwa bado?"

"Yatabaki hivyo."

"Mize, utafungwa."

"Najua. Shika ubao huu vizuri."

Siku zote hizo Liwali hakuja kukagua hata mara moja, kwa kuogopa vumbi la chokaa lisimchafulie joho. Alimtuma tu mtumishi aangalie kama mlango mpya una maandishi, na herufi ni kubwa kiasi gani.

"Yapo, Bwana," mtumishi akamwambia. "Herufi kubwa kama mikate."

Liwali akalala usingizi mzuri.

Siku ya kumi Sultani akafika. Liwali akatangulia mbele, akashika pete ya shaba ya mlango, akavuta. Mlango haukwenda. Akavuta kwa mikono miwili. Kilemba kikamteleza hadi sikioni. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena.

"Mlango mbovu huu," akasema akihema. "Mkamateni yule mwanamke."

"Ngoja kwanza," Sultani akasema. Yeye alikuwa amekwisha kuyaona maandishi. "Liwali, hapa mlangoni pameandikwa nini?"

"Sifa zangu chache, Mtukufu. Pameandikwa: Mahfudhi, mlezi wa elimu, taa ya mji."

Sultani akamgeukia Mzee Faki, aliyesimama kando na gunia lake begani. "Nawe mzee, unasoma nini?"

Mzee Faki akasogea. Akafuata herufi kwa kidole. "Su-ku-ma," akasema. Akasukuma kwa kiwiko, mlango ukafunguka kwa ulaini.

Ndani palikuwa peupe, mwanga umejaa kila pembe. Wapishi na wauza samaki walikuwa wameketi kwenye mabenchi mapya, vibao magotini. Sultani akaingia akitazama madirisha.

Liwali akaingia nyuma yake, uso umemwiva kwa hasira na aibu. Akamwona Bi Mize.

"We mwanamke mwongo, nilikuamuru unitilie kiti changu mbele. Kiko wapi?"

"Kipo, Bwana Liwali," Bi Mize akasema, akamwonyesha kwa mkono. "Benchi la kwanza, karibu kabisa na ubao. Ndipo tunapowaweka wanaoanza."