Mgeni wa Alhamisi

Wahenga hawakuona haya waliposema kwamba mficha uchi hazai. Anayetaka mtoto sharti avue nguo, na anayetaka kupona sharti aonyeshe kidonda, hata kama kinanuka. Mujuni, fundi seremala wa Buhembe, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuiishi ni jambo jingine, na katikati yake mtu anaweza kuchoka njiani akakaa chini.

Binti yake, Kokuberwa, alikuwa na miaka kumi na minne. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu afungashe nguo zake akaenda kuishi kwa bibi yake, Kamachumu, wilayani Muleba. Hakuaga. Baba akipiga simu, binti haji kuongea. Mama yake, Edvina, alikonda kwa mawazo akawa kama ufito. Ndiye aliyesikia, kwenye kikao cha wazazi shuleni, habari za washauri wa familia wanaozungumza na watu kwa simu ya video. Wakapangiwa mshauri aitwaye Nancy, aliyekuwa Mwanza, kila Alhamisi saa kumi jioni. Binti alikubali kuingia kwa simu ya baba yake mdogo, kwa sharti kwamba asilazimishwe kusema.

Hapo ndipo Mujuni alipokosea, na lilikuwa kosa la Mhaya aliyelelewa vizuri. Alimpokea mshauri kama mgeni. Siku ya kwanza alifagia uwanja, akatandaza nyasi mbichi sebuleni kama Krismasi, akavaa koti. Simu akaisimamisha mezani, akaiegemeza kwenye birika, na mbele yake akaweka kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna.

"Baba Koku," Edvina alinong'ona, "atazitafunaje?"

"Aone tu kwamba tunazo."

Nancy alisalimu, akauliza ni jambo gani linalowasumbua.

"Hatuna shida kubwa, mama," Mujuni alijibu. "Nyumba yetu ina amani. Mtoto alimkumbuka bibi yake, basi."

"Naona kidole cha binti kimepinda. Kiliumiaje?"

"Mlango ulimbana. Upepo wa ziwa huu, unabamiza milango bila taarifa."

Katika kioo cha simu, Kokuberwa aliinua macho akamtazama baba yake. Kisha akaigeuza simu juu. Kwa nusu saa iliyobaki wazazi walizungumza na mabati ya nyumba ya bibi.

Mlango haukuhusika. Jioni moja Mujuni alikuwa na wageni, na rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani. Alipochukua ufunguo wa pikipiki, binti alisema mbele yao, kwa upole, "Baba umekunywa, usiendeshe." Wageni wakacheka. Mujuni akaokota kipande cha ubao. Mtoto alijikinga kichwa kwa mkono, na kidole kikavunjika kama kijiti. Hospitalini, kabla hawajaingia kwa daktari, baba aliinama akamwambia, "Sema ni mlango." Mtoto akasema ni mlango. Majirani wakaambiwa ni mlango. Uongo ule ulikaa nyumbani kwao kama mkwe, ukalishwa na kuheshimiwa.

Alhamisi ya pili ikawa ile ile, na ya tatu pia. Mwishoni mwa ile ya tatu Nancy alivua miwani akajifuta macho.

"Baba Koku, mnanikaribisha vizuri sana. Wiki tatu niko sebuleni. Mimi sikuja kukaa sebuleni."

Simu ilipokatika, Mujuni alivua koti kwa hasira. "Mtoto wa juzi huyu. Anataka tumfungulie mpaka chumba cha kulala?"

"Nimechoka," Edvina alisema. Alikuwa amekaa juu ya nyasi, miguu ameinyoosha. "Nimechoka kuvaa kitenge cha Pasaka kila Alhamisi, Baba Koku. Nimechoka na huo mlango wako. Nikiufungua asubuhi nauomba radhi."

Mujuni naye hakuwa amelala vizuri tangu mtoto aondoke. Kazini alikuwa anakata mbao fupi, anarudia, anakata tena fupi.

Jumanne mama yake, Ma Georgina, alipiga simu kutoka Kamachumu. Hakusalimu kwa kirefu kama kawaida yake.

"Mujuni, Jumatatu namhamishia mtoto shule ya huku. Ameniomba mwenyewe."

"Mama, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Kalamu anaishika kama mtu anayeshika kaa la moto. Nikimuuliza, ananiambia mlango. Anausema huku anatazama ukuta. Mimi nimezaa saba, Mujuni, na nyumba yangu ina milango. Sijawahi kuona mlango unaomfanya mtoto aogope kurudi kwao. Akiandikishwa huku, ni wangu. Usije kunidai."

Alhamisi ya nne mtandao uligoma kabisa ndani ya nyumba. Mujuni alitoka na simu akiiinua juu, akapita migomba yote mpaka mwisho wa kibanja, mpakani kwa jirani yake Aroni, mzee wa kanisa. Hapo tu ndipo simu ilipokubali. Hakuwa na koti. Maranda ya mbao yalikuwa yamemjaa nyweleni. Edvina alisimama nyuma yake, akiwa na nguo za shambani. Upande wa pili Aroni alikuwa anapunguza majani ya migomba, na hakuwa na sababu ya kuondoka kwenye shamba lake.

Nancy alitokea. Kokuberwa alitokea, bibi yake akiwa begani pake.

Mujuni alimtazama Aroni. Akatazama simu. Ulimi ulikuwa mzito kama gogo lililolowa. Angeweza kusema mtandao mbaya, tuongee wiki ijayo. Wiki ijayo mtoto angekuwa wa watu wengine.

"Hakuna mlango," alisema. "Nilimpiga. Nilikuwa nimelewa, nikampiga kwa ubao nikamvunja kidole. Halafu hospitalini nikamfundisha aseme uongo."

Panga la Aroni lilinyamaza. Sauti ya Kokuberwa ikatoka, ya kwanza kwa baba yake tangu aondoke.

"Mtandao umekata. Rudia."

Kama ulikata au haukukata, Mujuni hakuuliza. Alijua sasa amesikiwa na jirani, na kwamba kurudia ni kuvua hata kile kilichobaki. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno, mpaka mwisho. Alipofika pale pa hospitalini sauti ilimkatika, akaanza tena.

"Nimesikia," binti alisema. Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi sikuondoka kwa sababu ya kidole. Kila mtu alikuwa ananiuliza, na mimi nasema uongo, na wewe unakaa pale unaitikia."

"Najua."

"Hujui," alisema Ma Georgina kwa ukali. "Lakini umeanza."

Nancy aliandika kitu kwenye daftari lake, akamuuliza Kokuberwa anataka nini kifanyike. Binti alifikiri sana.

"Aje Jumapili. Asije na maneno mengi."

Aroni alikata jani moja, akaliweka chini. "Jirani," alisema kutoka upande wake, bila kumtazama, "rubisi hiyo tutaizungumza. Si leo."

Jumapili Mujuni na Edvina walikwenda Kamachumu. Kokuberwa alimsalimu mama yake kwa magoti, lakini hakumsalimu baba yake. Alibeba begi lake, akatangulia njiani kuelekea stendi ya kurudi nyumbani, wazazi wakimfuata. Kilima kilikuwa kikali na begi zito. Katikati ya kilima alisimama akashusha pumzi, akamnyooshea baba yake mkanda mmoja wa begi, wa pili akaushika mwenyewe. Wakapanda hivyo, polepole, hatua zao zikipishana.

Ndivyo Mujuni, akiwa na miaka arobaini na minane, alivyompata binti yake kwa mara ya pili, na mara hii ilimuuma kuliko ya kwanza. Hakika, mficha uchi hazai.