Nyumbani kwa Fundi Mwinjuma

Haya, sogeeni. Mwenye mdomo aufunge kwanza, maana mwishoni nitauhitaji. Kisa changu kina watu watatu. Shomvi alikuwa mpiga video za harusi, na kipaji chake ni kutofuta kitu. Semboja alikuwa fundi kompyuta asiyejua kuchoka. Kidawa hakujua kompyuta hata kuiwasha, ila alijua wazee wanavyozungumza. Msicheke, huyo naye mtamhitaji.

Wote watatu walimsaidia Bi Saumu wa Muheza. Alikuwa amefiwa na mumewe, Mwinjuma, fundi cherehani, na yumo ndani anakaa eda. Hawakujaliwa mtoto. Matanga yalipoanuliwa, wageni wakaenda zao, nyumba ikawa kimya mpaka akawa anakohoa makusudi ili asikie mtu. Jamani, upweke ule usiombe! Na kilichomchoma zaidi ni neno aliloachiwa na waliokuja kuhani: "Mumeo alikusema vizuri mno kwenye ile harusi ya Pangani." Alisema nini? Kila mtu kasahau. Bi Saumu hakwenda harusini, na kwa miaka thelathini Mwinjuma hakuwahi kumsifu hata kwa mchuzi.

"Nataka niyasikie mwenyewe," alimwambia Kidawa, jirani yake. "Humu ndani, kwenye kompyuta aliyoniachia, niwashe nikijisikia."

Akatafutwa Shomvi, ndiye aliyeipiga video harusi ile. Wenye harusi walishachukua video yao fupi miaka mitatu nyuma, na mpiga video mwingine angefuta iliyobaki. Shomvi alipekua makabati mawili hadi akaipata, video ya urefu wa saa nne nzima, kama ilivyotoka kwenye kamera. Akaileta kwenye flashi, akaketi barazani, akampa Kidawa aipeleke ndani, kwani kwa mwenye eda wanaume hawaingii ovyo. Kompyuta ikagoma. Ile fomati, yaani namna video ilivyohifadhiwa, haikuijua kabisa.

Akaitwa Semboja. Siku nne alikaa kwenye baraza ile ile na laptop yake, anabadili fomati, anapitisha flashi dirishani, Kidawa anabonyeza anapoelekezwa. Ya kwanza ilitoa picha bila sauti: Mwinjuma kasimama na kipaza sauti, midomo inacheza, hasikiki. Bi Saumu alilia siku hiyo. Ya pili ilikuwa na vyote, lakini kompyuta yenyewe kuukuu, ikawa inakwamakwama, neno moja linakatika mara tatu.

"Shangazi, nikiipunguza sana itacheza," Semboja alisema pale dirishani. "Ila sura itakuwa ukungu."

"Sura yake naijua, mwanangu. Nipe sauti."

"Na saa zote nne hazibebeki. Itabidi nikate kipande."

Akavaa visikizi vya masikioni, akaisikiliza hotuba nzima ya Mwinjuma akisaka jina la Saumu. Mwisho akavivua. "Shangazi, unisamehe. Hakukutaja."

Bi Saumu alijifunika kanga usoni, akaona aibu kwa kungoja kote kule.

Kidawa ndiye aliyepandisha sauti. "Sasa alitaja nini?"

"Habari za nyumbani kwake tu. Nyumbani kwangu hivi, nyumbani kwangu vile."

"Wewe Semboja wewe! Mzee gani wa hapa hutaja jina la mkewe mbele za watu? Nyumbani kwake ndio huyu hapa!"

"Lakini kasema 'wao'."

"Ni heshima hiyo! Kwani nyumba hii ina wangapi? Kata hapo hapo!"

Kikakatwa, kikachezwa. Uso ulikuwa ukungu kweli, lakini sauti ikaja nzima: "Mnalisifu koti la bwana harusi. Nyumbani kwangu ndio waliolikata. Mimi napiga cherehani tu, nasifiwa kwa mikono yao. Sijawaambia bado. Naona haya, watanicheka."

Bi Saumu akacheka, akalia, akataka irudiwe. Kisha akamsikia Shomvi akifunga begi, Semboja akizima laptop, Kidawa naye keshatoka barazani akiaga akapike. Woga wa kubaki peke yake ukamshika.

"Ngojeni!" akasema. "Cherehani yake nampa mmoja wenu, kwa maneno haya mliyoniletea. Ila haitoki barazani kwangu. Eda ikiisha, yeye au mtu wake aje ashone hapa kila siku, nami nimkatie vitambaa."

"Mke wangu anashona," Shomvi alidakia. "Na ningefuta mimi, mngebadili nini, mngekata nini?"

"Mama yangu anashona pia," akasema Semboja. "Bila mimi ingebaki bubu ndani ya flashi."

"Nami nashona," Kidawa akasema. "Bila mimi mngemkatia vigelegele na ngoma."

Bi Saumu akawatazama kupitia nondo za dirisha. Kila aliyesema, kasema kweli. Akimpa Kidawa, atapata mtu ambaye kila siku yupo, na hao wawili hawatakuwa na sababu ya kurudi. Akimpa mmoja wa hao, baraza itapata mtu mpya, lakini Kidawa akinyimwa, ataendelea kuingia kwa moyo ule ule?

Eda imebaki siku tisa, na watatu wale wanangoja jibu. Haya, midomo sasa fungueni, na asinijibu mtu kwa pupa, kwani hapa haigawiwi cherehani tu, hata mama wa watu anagawiwa. Ungekuwa wewe ndiye Bi Saumu, ungempa nani?